Fuvu Kwenye Seva ya Mwembesongo

Jumanne, mwanzoni mwa Aprili. Mvua ya masika ilinyesha tangu alfajiri, na milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu mpaka miguuni.

Siku hizo biashara zilikuwa zimeachiwa huru, na Mwembesongo kila mwenye chumba cha barabarani aliuza kitu. Chetu hakikuuza chochote, jambo lililowasumbua majirani. Ndani kulikuwa na seva, yaani kompyuta iliyohifadhi mradi wa watu wa nchi mbalimbali: programu ya kuandikia Kiswahili, ambayo yeyote angeweza kuichukua bure na kuirekebisha. Mimi, niliyeishia darasa la saba, ndiye niliyeitunza. Niliyajua mambo yake kwa kuambiwa, kwa hiyo huenda hapa naeleza nusu. Fundi alikuwa kijana wa Kinyamwezi kutoka Tabora. Mimi ni Mluguru, basi kwa makabila yetu tulikuwa watani, na mtani hana adabu kwako wala wewe huna kwake.

Jana yake tulikuwa mlimani kumzika shangazi yangu. Mtani alikuja kutimiza mila: akajilaza kaburini kabla ya marehemu, akisema amechoka zaidi yake, kisha akanyakua sufuria la wali na kukataa kulitoa mpaka likombolewe kwa pesa. Ndiyo maana asubuhi ile, nilipokuta ukurasa wa mbele wa mradi kwenye mtandao una fuvu la kichwa mahali pa picha ya mlima, sikushtuka. Nilicheka. Nilijua ni yeye, bado anaendeleza utani wa msibani. Na utani haushitakiwi, unajibiwa. Nikaandika chini ya fuvu: "Mzigo umefika, mpagazi. Tua." Maana babu zao ndio waliobeba mizigo ya watu toka bara mpaka pwani.

Naye akaufungua ukurasa akiwa mjini, akadhani fuvu na maneno yote ni yangu. Akaongeza: "Mzigo mwepesi huu. Mzito ni Mluguru."

Mchana ikaja barua pepe ya msimamizi wa mradi, Mzungu aliyejifunza Kiswahili vitabuni. Ilikuwa ya upole mno, na upole huo ndio ulionitisha. Ilisema fuvu limetokea kwenye seva nyingine pia. Mwizi ameingia jana kwa jina la fundi wetu na neno lake la siri, na maandishi ya Kiswahili yanaonyesha kuwa ana mwenzake. Akauliza mpagazi ni nani na mzigo una nini ndani. Asipopata maelezo ya kuridhisha, jioni hiyo atalifuta jina la fundi kwenye mradi.

Mtani alifika amelowa. Nilipomsomea alikaa juu ya ndoo. Hakuwa na cheti chochote. Jina lake kwenye kazi ile ndilo alilowaonyesha watu alipotafuta vibarua.

"Mtani, mimi sikuweka fuvu," akasema.

"Hata mimi."

Tukatazamana, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Tukachomoa waya wa mtandao kwenye seva, tukauchomeka kwenye kompyuta ndogo ya barua. Yeye akalinganisha mafaili na nakala safi tuliyokuwa nayo kwenye diski, akafuta yote yaliyoguswa. Akakiri kwamba neno lake la siri alikuwa akilitumia hata kwenye kompyuta za kukodi mjini, ambako yeyote angeweza kulidaka.

Mimi nikaandika barua, naye kasimama mgongoni kwangu. Nilieleza utani, ambao ukiueleza kwa maandishi unafanana kabisa na ujambazi. Nikasema saa ya wizi kijana huyu alikuwa mlimani, kusiko na simu, amekumbatia sufuria mbele ya ukoo wangu wote. Kisha nikaongeza kwamba mvua ilipozidi alitoweka kidogo, sikumwona.

"Hiyo futa."

"Kwani nilikuona?"

"Nilikuwa chini ya migomba nakula ule wali."

"Sikuona."

"Mtani, unaniokoa au unanizika?"

Nikaandika: mwenyewe anasema alikuwa akila wali, sikushuhudia, ila sufuria lilirudi tupu. Mpaka leo sina hakika kama nilitenda haki au nilijifanya mwenye haki kwa shingo ya mwenzangu.

Jibu lilikuja kabla ya magharibi. Msimamizi alisema mwongo asingelitaja sufuria tupu. Jina la mtani libaki, apewe neno jipya la siri. Langu lisimamishwe kwa muda, kwa kuwa nililiona fuvu asubuhi na sikumwambia mtu. Nilijaribu kuona kosa katika hukumu hiyo, sikuliona.

Mtani aliisoma mara mbili kwa sauti. Kisha akatangaza kwamba aliyetiliwa shaka na mtani wake hulipwa siku hiyohiyo, akanifuata nyumbani, akapita moja kwa moja mpaka uani. Jogoo tuliyetaka kumchinja usiku huo aliondoka mzima, kwapani kwa Mnyamwezi. Sisi tulikula ugali na mchicha.