Matofali ya Nyumba ya Mwalimu

Mwanangu, ipo siku moja ya miaka ile ya dhiki ambayo naikumbuka hadi leo, na hasira yake haijaniisha. Nilikuwa mwalimu mgeni hapa Bagara, mjini Babati. Sukari na sabuni tulizipangia foleni kwenye duka la ushirika, na sisi walimu wawili wa kike tulilala katika stoo ya shule, kati ya majembe na magunia ya mahindi. Mwenzangu aliitwa Mwalimu Veronika. Alifundisha hesabu darasa la saba, na alifundisha vizuri, ingawa usiku panya walimpitia miguuni.

Basi ikafunguliwa sekondari ya binafsi ng'ambo ya mji. Walimu walikuwa hawapatikani, wakamwita Veronika na kumwahidi chumba chake mwenyewe. Akakubali bila kumwambia mtu, lakini Babati ile ilikuwa ndogo, habari zikaenea. Kamati ya shule ikamsimamisha mbele ya mkutano wa wazazi.

Mwenyekiti wa kamati alimwita msaliti wa watoto wa wakulima. Msaliti! Mtu yule yule aliyechukua matofali ya nyumba ya mwalimu, matofali yaliyofyatuliwa na wazazi pamoja na wanafunzi, akajengea baa yake kule Maisaka. Kila mtu pale alijua, na kila mtu alitazama chini. Nilitamani kumrushia kiti.

Akasimama Mama Paskali, mkulima aliyehamia Bagara kutoka milima ya Mbulu, ambaye mwanawe alikuwa darasa hilo la saba. Hakupaza sauti.

"Mwenyekiti, huyu akiondoka, anayeumia ni Paskali wangu. Wako anasoma Arusha. Lakini matofali tuliyachoma sisi, na leo watu wanakunywa bia ndani ya kuta zake. Sasa msaliti ni nani hapa?"

Mwenyekiti akasema hilo halimo katika ajenda. Mama Paskali akamgeukia Veronika.

"Na wewe, Mwalimu, ulitaka watoto waingie darasani wasikukute? Njoo ukae kwangu mpaka wafanye mtihani. Ukishatuaga, nenda."

Veronika alilia mbele ya watu wote, akakubali. Alihamia kwa Mama Paskali jioni ile ile, akafundisha hadi siku ya mtihani, kisha darasa zima likamsindikiza stendi. Mwenyekiti aliendelea kuuza bia. Nyumba ya mwalimu haikujengwa, nami nililala stoo mwaka mwingine mzima.

Kwa hiyo, mwanangu, usije kwangu kuomba ruhusa ya kuhamia hiyo shule ya binafsi inayokuita. Kuhama si dhambi. Nenda kwanza ukaongee na walimu walioko huko, uwaulize wanaishije mwenye shule akikasirika, maana rangi nzuri ya ukuta haimlindi mtu. Ukiamua kwenda, wafikishe watoto wako kwenye mtihani, uwaage kwa mdomo wako mwenyewe. Ukiamua kubaki, baki kwa kuwa unataka, wala usibaki kwa kuogopa maneno ya watu walioshiba. Na atakayekuita msaliti, muulize yeye amemfanyia nini mwalimu wa mtoto wake. Asipokuwa na jibu, mwache na kelele zake.

Mungu akutangulie, mwanangu, popote utakaposhika chaki, na akupe wazazi wenye kusema kweli mkutanoni.