Tulia na Sikio la Fundi Cherehani

Baba mkubwa wangu alikuwa mpiga eksirei, na hospitali nzima ilimwita Tulia. Kwa miaka ishirini na sita neno lake kwenye kipaza sauti lilikuwa hilo hilo: tulia, usitikisike. Mama mkubwa alimwambia anapiga kelele kwa sababu masikio yake yamechoka. Alijibu "Sawa, sawa," kama alivyojibu kila jambo ambalo hakulisikia.

Ilipoletwa mashine mpya, inayoonyesha hata waya mwembamba kama unywele ndani kabisa ya sikio, alivimba kichwa. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mama mmoja, fundi cherehani, aliyepandikizwa kifaa cha kusikia miezi minane nyuma na bado akawa anasikia mikwaruzo tu. Daktari alishamwambia kosa ni lake, hafanyi mazoezi ya kusikia. Picha ndiyo ilikuwa shahidi wake pekee: ikionyesha waya wa kifaa umekaa vibaya, angepasuliwa upya; la sivyo, jalada lake lingefungwa.

Mimi nilikuwepo, nimempelekea mzee miwani aliyoisahau. Nilimwona akimvua yule mama kipande cha nje cha kifaa, kama kanuni inavyotaka, akakiweka kwenye sahani, akaja chumba cha kioo nilimosimama na kushika kipaza sauti. Akamwambia atulie. Mama wa watu, ambaye sasa hasikii hata radi, aliona midomo inacheza, akageuka kuuliza anaambiwa nini. Picha ikatoka ukungu. Mzee akaongeza sauti. Mama akageuka tena. Mara ya tatu wagonjwa wote kwenye benchi la nje walikuwa wametulia tuli, isipokuwa yule aliyehusika.

Akaandika kwenye fomu: mgonjwa hatoi ushirikiano. Nikiikumbuka fomu ile nakasirika hadi leo, na zaidi kwa kuwa hata mimi sikuwa nimeliona kosa.

Yule mama alitoka, akaisoma. Akamweleza mzee jambo, akarudia, akarudia tena. Mzee akaitikia, "Sawa, sawa." Basi mama akachukua kalamu, akaandika chini ya maneno ya mzee: "Ulinivua masikio, kisha ukaniita. Nimekwambia mara tatu, nawe hujasikia."

Mzee aliyasoma. Akaichana fomu, akamrudisha kwenye kiti, akamwekea kiganja hewani, kwa ishara: nikishusha, ndiyo tumemaliza. Picha ikatoka safi. Ncha ya waya ilikuwa imejikunja, kama uzi uliokwama chini ya sindano, na yule fundi aliigusa kwenye picha kwa kidole kabla daktari hajafika.

Alipasuliwa upya. Baada ya miezi mitatu alirudi kwa picha ya kuhakikisha, anasikia vizuri. Alimkuta mzee amempa mgongo, anafuta mashine.

"Kaka," akamwambia kwa upole, "wewe masikio yako umeshapimwa?"

"Sawa, sawa," akajibu baba mkubwa.