Kiti cha Baba kimepanuka

Leo tumemdanganya Baba, watu wazima wawili.

Miaka minane amekuwa akiunda gari la mbio kwenye gereji yetu hapa Harrow, ughaibuni, injini yake ya lori la kizamani. Mwezi ujao anataka alipeleke kwenye uwanda wa chumvi, tambarare wanakoshindania kasi, alikimbize mwenyewe.

Kiti alikifinyanga kwa umbo la mwili wake, kabla ya ugonjwa. Kilikuwa kinamshika barabara.

Leo amekijaribu tena.

Jamani. Mkono wangu mzima umepita kati ya mbavu zake na kiti.

“Hiki kiti kimepanuka,” akasema.

“Eeh Baba, hata mimi naona.”

Jirani yetu Mwingereza, fundi mwenzake, akauliza amesema nini. Nikamtafsiria. Akachukua futi, akapima, uso mkavu: “Kweli, kimepanuka.”

“Basi niletee mto,” Baba akaniambia.

Nimeleta miwili.