Shetani wa Kiingereza

Nilipokuwa mtoto, Bibi yangu aliamini kabisa kuwa nimepandwa na shetani wa Kiingereza.

Baba alisoma Uingereza, akarudi Maskati na kanda za nyimbo za kienyeji za huko: fidla, filimbi, na watu wanaoimba bila ala yoyote, kana kwamba wamekaa jikoni kwao. Alasiri moja nilikuwa mkekani kando ya redio, kanda moja ikipigwa, nyumbani kwetu mtaa wa Ansab. Bibi, mama yake Baba, akapita, akasimama.

"Mguu huo nani anauchezesha?"

Nikautazama. Ulikuwa unapiga sakafu, mbiombio, sawasawa na fidla.

"Sijui, Bibi."

"Hujui! Khalas, keshakupata."

Bibi alizaliwa Unguja, na kwao kila shetani ana ngoma yake. Ikipigwa, huja kutafuta mtu wa kumpanda. Fidla aliizoea kwenye taarabu, ila hii, alisema, inakimbia kama mwizi.

Baba akacheka. "Mama, huo muziki wa wakulima tu."

"Kwani wakulima hawana mashetani? Zima! Na kanda ukaitupe."

Maneno ya nyimbo zile sikuyaelewa, lakini nilishajua kiitikio kinarudi wapi, na kukingoja kulikuwa raha yangu kubwa. Sasa kinakwenda jaani.

Lakini shetani hafukuzwi kabla hajaulizwa. Bibi akaleta chetezo, akatufukiza ubani mimi na redio, kisha akaniinamia.

"Ewe mgeni, nnakuuliza kwa heshima. Wataka nini kwa mjukuu wangu?"

Jibu likatoka kinywani mwangu kwa sauti nyembamba: "Nnataka kusikiliza tena."

"Hutaki pete? Hutaki mbuzi?"

"Sitaki."

Bibi akamgeukia Baba. "Maskini, ana adabu huyu. Mpigie."

Anachoomba shetani hupewa. Basi kila Alhamisi baada ya Alasiri niliwekwa mkekani, ubani ukafuka, kanda ikazunguka, na Bibi akakaa pembeni kunilinda, kahawa mkononi. Hata leo siwezi kusema kwa uhakika ni nani aliyejibu siku ile.

Nyimbo hizo bado nazisikiliza, garini, nikitoka kazini mtaa wa Ghala. Napenda kwamba waimbaji wake hawajipambi. Habari ya mavuno na habari ya kifo huzitoa kwa sauti ileile, wakauachia ubeti ufanye kazi yake. Chuoni nilifundishwa majina ya mizani zote za mashairi yao, nikafurahi kuyajua. Na watu huniuliza msichana wa Maskati anapendea nini nyimbo za wakulima wa Kiingereza. Huwajibu vizuri, kisomi, nami mwenyewe nisitosheke na jibu langu.

Bibi hakuniuliza kwa nini. Aliuliza kinatakiwa nini, kisha akakitoa.