Msumari kwenye Njia ya Baraka

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wala sifichi. Asubuhi ile tulikuwa tunashuka kutoka Fizi kwenda Baraka, mdogo wangu wa kike amekaa nyuma yangu kwenye baiskeli. Saa moja na nusu mlango wa shule ungefungwa, naye akikosa mtihani wa serikali angerudia mwaka mzima. Esansi, yaani petroli, ilikuwa imekosekana, pikipiki zote zimelala.

Pine zangu, yaani tairi za baiskeli, hazina mpira wa ndani. Zina dawa nyeupe kama maziwa, ndiyo inayoziba matundu. Nilikuwa nimejisifu nazo kijiji kizima. Basi tukakanyaga msumari.

"Yaya, uache pale pale, twende," mdogo wangu akasema; ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake. "Fundi aliyeweka dawa alisema usiutoe."

"We utanifundisha kinga yangu, baiskeli yangu mwenyewe?"

Kwetu kitu kikikuchoma unakitoa, iwe mguuni au kwenye tairi. Nikaung'oa. Dawa ikaruka, ikanilowesha magoti, upepo ukaisha wote.

Tundu lilikuwa kubwa kuliko dawa. Nikapiga pompi hadi jasho likanitoka, nikatukana msumari na aliyeutengeneza. Mdogo wangu alikuwa anaangalia saa kwenye simu kila dakika, na hilo liliniuma kuliko tusi. Nikakata uzi mwembamba wa mpira wa kufungia mizigo, nikausukuma tunduni kwa ncha ya kisu, nikapiga pompi tena. Ikashika. Nilipopanda tu, upepo ukaanza kuvuja tena.

"Haitatubeba wawili," akasema, akashika usukani.

Nilikuwa nimemkataza kabisa kuigusa baiskeli ile, eti ataivunja.

"Utaanguka," nikamwambia.

Akakaza kitenge, akapanda, akateremka kilima akikata kona kama mtu wa siku nyingi. Kumbe alikuwa anaichukua nikienda shambani! Hasira ikanipanda, halafu ikaisha, nikabaki na woga mtupu.

Nilikimbia, nikatembea, nikakimbia. Nilipofika mlango ulikuwa umefungwa zamani. Nikachungulia katikati ya mabati. Baiskeli ilikuwa imelala ndani ya ua, pine ya nyuma imekwisha upepo kabisa.

Polisi wa mlangoni akaniuliza ninalia nini.

"Mudogo wangu iko naandika mtihani," nikamwambia.