Kikombe cha uji kilichoonekana kwenye ultrasaundi

Leo nusura nimdhuru mdogo wangu kwa neno moja nililojua si kweli.

Brayani ana miaka minne. Mimi na bibi tumemleta hospitalini kutoka kijijini kwetu Ihembe kufanyiwa upasuaji wa ngiri.

Daktari wa usingizi, mgeni asiyejua Kinyambo, akaniambia, "Dada, muulize bibi kama mtoto amekula."

Bibi akajibu kwa Kinyambo, "Ale nini? Tangu jana hajagusa ndizi, maskini!"

Kwa bibi, usipokula ndizi hujala. (Wa huku mnanielewa.)

Lakini asubuhi nilimwona Brayani akimaliza kikombe cha uji.

Nikaona aibu kumsahihisha bibi mbele ya wageni. Nikatafsiri, "Hajala."

Daktari akapitisha ultrasaundi shingoni, ajue mpira wa kupumulia utakaomtosha. Kisha akaishusha tumboni.

Akanigeukia.

"Tumbo limejaa. Ningemlaza usingizi na kumwekea mpira, chakula kingeweza kupanda kikaingia kwenye mapafu."

Upasuaji umeahirishwa. Daktari huyu ni wa kupita tu, kesho anaondoka, na hajui atarudi lini.

Sasa bibi ananiuliza, "Mjukuu wangu, daktari amesema kosa ni la nani?"



Ninyi mngemwambiaje?