Nilivyojiandaa kwenda Malawi kufundisha kusuka ukili, huku naogopa kuongea mbele za watu

Wakuu, habari zenu.

Miaka yote humu nasoma tu na kupita. Leo nimejikaza nisimulie jambo lililonipata mwenyewe, bila kuongeza chumvi. Nimeishia darasa la saba na naandika polepole, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni binti wa Kisarawe. Kazi ninayoijua ni kusuka ukili, ile mikanda ya miyaa, yaani majani ya mkindu, inayoshonwa ikawa mkeka. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha.

Mwaka huu kikundi kimoja cha Kibaha kilitafuta watu sita wa kujitolea, waende Malawi wiki tatu kufundisha kusuka. Nikapeleka mkeka wangu. Kiongozi, Mama Sikujua, akaugeuza huku na huku, akasema, "Mkono unao. Mdomo je?"

Nikaanza kuukunja mkeka wangu.

Wakuu, mimi nikiwa mbele za watu sauti inakauka. Hata dukani nanyoosha kidole. Lakini safari hii niliitaka mno. Sijawahi kuitwa mahali popote kwa sababu ya kitu ninachokijua.

Mama Sikujua akasema kutakuwa na somo la majaribio barazani kwake, Tangini, hapo hapo Kibaha. Kila mmoja wetu atapewa akina mama watano wasiojua kusuka. Wakishindwa, nafasi anapewa mtu mwingine.

Wiki mbili nilifanya mazoezi ya kuongea. Nilikuwa nawafundisha kuku uani. Bibi akanisikia.

"Hao hawasuki, mjukuu wangu. Watakuchafulia miyaa tu."

Siku ikafika. Nikaamkia, nikaketi nikiwatazama akina mama wangu watano, nikaanza. Maneno niliyokariri yakaisha mapema sana. Nikabaki nasuka kimya, nao wananiiga.

Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, unatufundisha sisi au unaufundisha mkeka?"

Wakacheka. Mimi jasho.

Kibaya zaidi, kazi zao zilikuwa zinaharibika. Mmoja alikunja mwaa kulia, jirani yake kushoto, mwingine alianza kulia akahamia kushoto katikati. Mama mmoja mnene akainua wake juu: "Jamani, huu ukili au mkia wa panya?"

Mama Sikujua alikuwa mlangoni, amekunja mikono. Nikajua Malawi imeniponyoka.

Hapo nikajiuliza, mbona mimi nilielewa haraka? Nikakumbuka kwamba bibi hakuwahi kunikalisha mbele yake. Alinikalisha nyuma ya bega lake, nikaiona mikono yake kama vile ni yangu. Hawa nimewakalisha mbele. Kulia kwangu wanakuona upande wa kushoto kwao!

Dawa niliijua, ila aibu. Kwetu kumpa mtu mzima mgongo ni utovu wa adabu, sembuse watano.

Nikasema, "Mama zangu, naomba radhi. Nitawapa mgongo."

"Makubwa haya! Mwalimu anatususa?"

"Hapana, mama. Sogeeni mchungulie begani."

Nikageuka. Wakasogea mpaka nikasikia pumzi zao shingoni. Na wakuu, sijui niseme nini, nilipoacha kuziona nyuso zao sauti ikaja yenyewe. "Huu wa pembeni unapita juu, kisha chini. Vuta. Usilegeze." Nikaongea mpaka nikasahau kuogopa.

Kufika adhuhuri wanne walikuwa na ukili ulionyooka, kama shubiri mbili hivi. Yule mama mnene wake ulikuwa bado umepinda, ila alikataa kuufumua. Alisema anampelekea mume wake auone.

Mama Sikujua akaja, akaupima mmoja kwa vidole.

"Tunakokwenda Kiswahili chetu hakitatusaidia sana. Watatazama mikono. Kesho lete cheti cha kuzaliwa tuanze habari za paspoti. Halafu wenzako nao uwaonyeshe huko kukaa kwako kwa ajabu."

Paspoti imeshatoka. Tunaondoka mwezi ujao, watu sita, na mimi nimo.

Nilichojifunza: wiki mbili nzima nilihangaika na mdomo, wakati kosa lilikuwa kwenye kukaa. Ukitaka kumfundisha mtu kazi ya mikono, kwanza kumbuka wewe ulikaaje ulipofundishwa.

Waliowahi kuvuka mpaka na miyaa mikavu, je, inahitaji kibali? Na waliofundisha watu wa lugha nyingine, mlianzaje siku ya kwanza? Andikeni, nitasoma yote. Kujibu nitachelewa kidogo, ila nitajibu.